Ngege Kwenye Sanduku la Droni

Kuna aibu zinazochakaa na kuna yangu, ambayo mpaka leo inanuka samaki.

Mama Boke, mamake rafiki yangu wa chuo, alikuwa na ombi moja tu: alione shamba lake lote kutoka juu, kuanzia mtoni hadi kilimani, kabla halijagawiwa wanawe watatu. Miguu ilikuwa imemkataa, na mafundi wa kuweka nyua za mipaka walikuwa wanakuja asubuhi baada ya siku ya ziara yangu. Mimi nina droni (vitabu vyangu bado havininunulii hata chumvi, kwa hivyo napiga picha za harusi), nikamwambia, "Mama, utaliona kama ndege anavyoliona."

Sasa, mtu wa Homa Bay haendi kwa watu Ntimaru mikono mitupu. Nikanunua ngege sita, samaki wa ziwani kwetu, waliokaushwa, wapana kama sahani, na kwa kuwa begi lilikuwa limejaa nguo nikaliangalia sanduku la droni, lile gumu lenye sponji, nikaona nafasi. Nikatoa sponji. Nikatoa pia kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachoishika kamera isichezecheze kwenye shingo yake (kilikuwa kinamsukuma samaki mmoja mkiani), nikakitia mfukoni. Droni nikailaza katikati ya ngege, na hata nikaona ni jambo la kishairi, ndege akilala ziwani.

Kutoka Kehancha nilipanda pikipiki, sanduku mapajani, vilima vikielea kwenye ukungu kama vimesahau kutua, nami nikiota sentensi nzuri nzuri huku kila shimo la barabara likiivunja ile shingo polepole.

Televisheni ilikuwa imetolewa uani, majirani wamejaa, katekista amekaa mbele. Nikafungua sanduku. Paka watatu wakatokea.

"Otieno," rafiki yangu Boke akaninong'oneza, "umeleta droni ama umeleta soko?"

Kamera ilikuwa imelegea kama jino la mtoto. Mwenye akili angekoma hapo. Mimi nikairusha. Ikapanda vizuri, na kwenye televisheni yakaja mawingu, mawingu tu, meupe, yakipita taratibu, kwa sababu kamera ilikuwa imepinda ikatazama juu na haikutaka kurudi.

"Kumbe shamba la Mama limetangulia mbinguni!" jirani mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka hadi mtu akaanguka na kiti.

Mama Boke hakucheka. Aliyatazama mawingu mpaka betri ikaisha, akisema tu, "Shuka kidogo, mwanangu. Shuka kidogo." Nami nabonyeza, nabonyeza, na picha haishuki.

Mwezi uliofuata nilirudi na shingo mpya, sanduku limeoshwa mara nne. Safari hii kila jani la mahindi lilionekana, na nyua mbili za waya zikilikata shamba vipande vitatu. Mama Boke akashukuru, kisha akauliza, "Ile picha ya mawingu uliihifadhi? Chini yake shamba lilikuwa bado zima."

Ninayo. Na siku hizi samaki wangu wanasafiri kwenye kikapu chao, na kile kifuniko sikitoi mpaka niwe nimesimama pale nitakaporushia. Siku ile kilikuwa mfukoni mwangu njia nzima, na kilifika Ntimaru bila hata mkwaruzo.