Kiuno cha Ukurasa wa Kwanza

Mzee Pasi hakusoma. Alijua moto wa pasi, basi. Fundi cherehani alikuwa mkewe, na daftari la vipimo lilikuwa la mkewe: wateja wa miaka thelathini, vifua na viuno vyao. Ukurasa wa kwanza mke alijiandika mwenyewe.

Mama akaondoka duniani. Daftari likabaki, linachanika.

"Baba, nitaliingiza kwenye tovuti," binti yake akasema. "Mafundi wa maduka yetu yote matatu walione."

"Liingie. Ila lisipotee."

Ikabaki kuchagua hifadhidata, yaani ghala la maandishi yenyewe: wateja jedwali lao, vipimo lao, oda lao, na yote yashikane. Zilikuwepo mbili. Moja ni faili tu, linakaa humohumo ndani ya programu, halina makuu. Ya pili inataka seva, kompyuta ya kuhifadhia, yake peke yake.

"Hili faili linatosha," binti akasema. Akaingiza ukurasa wa mama kwa majaribio.

Mzee alikuwa kwenye kola ya shati. "Hiyo tovuti inakaa wapi?"

"Kwenye seva za watu. Tumepanga."

"Kumbe wapangaji! Ukitaka kubadilisha rangi ya mlango?"

"Wanavunja chumba, wanajenga kipya. Sekunde chache tu."

Pasi ikasimama hewani. "Na faili si limo humo chumbani?"

Binti akageukia kompyuta. Akabadilisha rangi ya kitufe kimoja, akapandisha programu upya, akatazama.

Patupu. Mama hayupo.

Mzee akakaa. Kidogo akacheka. "Angekuwepo angekuchapa na tepu yake. Shukuru daftari liko mezani."

"Nisamehe, Baba."

"Mpe mama yako nyumba yake. Asikae kwa mpangaji."

Binti akachukua ile ya pili, yenye seva yake, na nakala ikiwekwa kando kila siku. Akaingiza ukurasa wa kwanza. Akabadilisha rangi ya kitufe mara kumi, mara kumi chumba kikavunjwa. Mama yupo.

"Nisomee," mzee akasema.

"Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini."

"Mwongo huyo! Thelathini na nne. Tepu nilishika mimi."

"Nirekebishe?"

"Thubutu!" Akarudi kwenye kola yake, anatabasamu. "Acha alivyoandika mwenyewe."