Nusu ya Picha ya Harusi

Bibi Eufrasia Villarreal ameshona magauni ya harusi mjini Laredo tangu ujana wake, na hakuwahi kuingia katika jumba la sanaa. Vuli hii mjukuu wake Marisela alimleta San Antonio kuona majumba matatu. Mawili ya kwanza aliyapita bila kusimama. La tatu lilikuwa na madhabahu ya wafu, meza ya kuwakumbuka marehemu kwa desturi ya Wameksiko, aliyoipamba Marisela mwenyewe kwa ajili ya babu yake: maua ya manjano, mkate, mishumaa, na picha ya harusi ya marehemu Anselmo.

Bibi aliitazama picha, akashika kiuno. "Mbona na mimi nimo? Mmeshanizika?"

"Bibi, hatuna picha nyingine ya Babu."

"Hapa ni pa wafu, binti. Aliye hai hawekwi, hata kama magoti yamemtangulia kaburini."

Marisela alilengwa na machozi, maana wageni walikuwa wameanza kuingia. Msimamizi wa jumba akashauri picha ikatwe.

"Ikatwe?" Bibi alimkazia macho. "Njaa haikututenganisha, itakuwa mkasi wako?"

Wako watu wanaodhani mila ni pambo la kufurahisha wageni. Bibi si mmoja wao. Aliitoa picha kwenye fremu, akaikunja katikati kama anavyokunja upindo wa gauni, nusu yenye sura yake mwenyewe ikaenda nyuma. Anselmo akabaki mbele, katikati ya maua.

"Siku nikija, unikunjue," alimwambia Marisela huku akimfuta machozi. "Lakini usiniharakishe. Jumba la nne liko wapi?"