Jante za Kung'aa Zilizomkosesha Mdogo Wangu Mtihani

Kosa ni langu, ndugu zangu. Si la barabara, wala si la aliyeniuzia. Nimechoka kuwasingizia wengine.

Wazazi wetu walipofariki, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule nikashika usukani wa jipu ya baba, nikawa napakia watu na mihogo kati ya Kabambare na Kasongo. Gari hilo ndilo lililowasomesha wadogo zangu.

Jante zake, yaani rimu za magurudumu, zilikuwa za chuma, nyeusi, zenye kutu. Zikipinda kwenye jiwe, unashuka, unazigonga kwa nyundo, unaendelea. Ukikwama kabisa, dereva anayepita anakuazima gurudumu lake, nawe unamrudishia mkikutana. Ndivyo tunavyoishi kwenye barabara ile.

Lakini mimi nilitaka kung'aa! Huko Salamabila, kwenye machimbo, niliona gari la mnunuzi wa dhahabu, jante zake za aluminiumu zinamulika kama kioo. Nikauza zangu zote, pamoja na nati zake, nikanunua seti kama ile.

Madereva wenzangu walinicheka. "Chef, bosi wetu, ya chuma ikipinda tunaigonga. Hii yako utaifanya nini, utaibembeleza?"

Nikasema ni wivu tu. Haikupita muda, ile ya akiba ikapasuka siku niliyoitumia njiani. Fundi wa Kasongo akasema hawezi kuchomelea aluminiumu. Nikaifunga tena nyuma ya gari, upande uliopasuka ukitazama ndani. Sikumwambia mtu!

Ukafika mtihani wa taifa wa mdogo wangu, wa kufanyiwa Kasongo kesho yake asubuhi. Nje jirani alikuwa anawasha moto yake, pikipiki ya kubeba abiria.

"Yaya," akaniambia, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, "niache niende na moto ya jirani. Anaondoka sasa hivi."

"Mutoto wa baba yetu afike ku mtihani na vumbi kichwani? Mimi niko na gari!"

Akacheka, akapanda.

Tulipotoka kwenye daraja la magogo, gurudumu la mbele likagonga jiwe. Jante ikameguka kipande. Dereva aliyekuwa anaelekea Kabambare alisimama, akashusha gurudumu lake la chuma bila kuombwa. Tulilipachika, lakini nati zangu mpya, za jante za aluminiumu, hazikulishika. Likawa linacheza.

"Nati zako za zamani ziko wapi?"

"Nilizitoa pamoja na jante."

Akatikisa kichwa, akapakia gurudumu lake, akaenda.

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya gari, ameigeuza ile ya akiba, kidole chake kwenye ufa.

"Yaya, ulijua?"

Nikaenda katikati ya barabara kusimamisha moto.

Tulilala palepale. Kila moto iliyopita ilikuwa imejaa, na ya kwanza yenye nafasi ilikuja jua likiwa limeshapanda. Alipofika Kasongo, mlango wa chumba cha mtihani ulikuwa umefungwa. Mimi niliyeacha shule ili yeye asome, mimi huyohuyo!

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nimerudia jante za chuma, kuukuu kuliko zile za baba. Naye alirudia darasa. Mtihani ulipofika tena, niliosha gari, nikakagua kila gurudumu, nikamngoja uani. Alitoka na begi lake, akapanda moto ya jirani.

"Yaya, wewe bakia tu. Nitafika."

Na alifika.

Nanyi mnaolea wadogo zenu, msiuze kitu kinachovumilia nyundo kwa ajili ya macho ya watu. Na kama kimeshapasuka, sema! Sema kabla mdogo wako hajapanda.