Shilingi za Wambui hazina timu

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, kliniki ya meno ya Khuwair ya Kusini, Oman, haijafunguliwa, na Wambui anapiga deki. Anaanzia kwenye kona, chini ya viti vya wagonjwa, anarudi kinyumenyume hadi mlangoni asije akakanyaga alipokwisha pita. Ndoo ya bluu ni ya sabuni, nyekundu ni ya kusuuzia.

Akimaliza, anafuta mikono kwenye aproni na kufungua simu. Kuna picha imetoka Othaya, Kenya, wiki iliyopita: mashine ya kufumia masweta juu ya meza, bado ina vumbi la mwenyewe wa kwanza.

"Hii imetutoa jasho," anasema, akiipanua picha kwa vidole viwili.

Wambui, mama wa watoto wawili, analipwa riali mia kwa mwezi, na sehemu kubwa huishia kwenye karo. Mumewe, Rufus, ni fundi cherehani. Shule moja ilimwahidi kazi ya masweta mia mbili akipata mashine. Jirani alikuwa anauza yake kwa shilingi elfu thelathini na nane, na aliahidi kuwashikia mpaka mwisho wa mwezi. Akiba yao ilikuwa elfu ishirini na sita.

Hapo ndipo Wambui alipokumbuka matangazo. Kampuni za kubeti za kwao humpa mteja mgeni dau la bure. Oman kamari ni marufuku, kwa hiyo Rufus alijisajili kulekule Othaya kwa jina lake, na Wambui akabaki na hesabu.

Hesabu yenyewe anaieleza polepole. Chagua voliboli, maana haina sare. Dau la bure la elfu mbili liweke upande mmoja. Kwa kampuni nyingine, weka elfu moja yako upande wa pili. Kama kila upande unalipa faida sawa na dau, yeyote akishinda unabaki na faida ya elfu moja.

Nasriya, mpokezi wa kliniki, Mwomani aliyezaliwa Unguja, alimsikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Nna swali, Wambui. Hiyo si kamari?"

"Kamari ni kutojua, dada. Mimi najua kabla mpira haujarushwa."

"Haramu ni haramu, bibi we. Lakini hesabu zako nazikubali."

Mara mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu, Wambui alichagua mechi ya wasichana wa Nyeri, timu ya kwao, na Rufus, shabiki wao tangu ujana, akashindwa kuwekea dau wapinzani. Aliweka yote mawili kwa Nyeri. Nyeri wakafungwa seti tatu mfululizo. Dau la bure likaenda, na elfu moja yao nayo ikaenda.

"Nilimuuliza, Baba Muthoni, umefanya nini? Akaniambia, nitawabetia vipi watoto wetu washindwe?" Wambui anacheka sasa. Siku ile hakucheka, maana zilibaki wiki mbili.

Hakumgombeza. Alibadilisha mechi tu. Tangu siku hiyo alichagua Japani, Uturuki, Brazili, nchi ambazo Rufus hana ndugu wala jirani. Kila ofa ilileta kati ya mia nane na elfu moja na mia tano. Siku mbili kabla ya mwezi kuisha, elfu kumi na mbili zilitimia, na mashine ikabebwa kwa mkokoteni hadi nyumbani.

Ofa za Rufus zimekwisha, na akaunti zote wamezifunga. Shemeji yake alijitolea kuwapa kitambulisho chake waendelee. Wambui alikataa.

"Mgeni hukaribishwa mara moja," anasema. "Ukirudi na jina la mwenzio, wewe ni mwizi."

Mkataba wake unaisha Desemba mwakani. Anataka kurudi akae upande wa pili wa meza ile, akishona vifungo Rufus akifuma.

Sweta la kwanza limekwisha kutoka. Si la shule, ni la Rufus mwenyewe. Ni la kijani na nyeupe, rangi za wasichana wa Nyeri.

"Muache alivae," anasema Wambui, akiinua ndoo zake. "Kwa sweta ashangilie anavyotaka. Shilingi zetu ndizo hazina timu."