Fundi wa Nyumba ya Baridi

Ukienda Garissa ukauliza majirani wa chuo ni nani aliyejenga ile nyumba ya udongo yenye baraza pana, utaambiwa ni mimi. Mie, mtoto wa Mombasa, ambaye hata mti wa kufungia kamba ya nguo sijapata kuukita ukasimama. Aliyeichora nyumba ile, akaipima, akaisimamia juani mpaka kofia ikamchakaa kichwani, ni mume wangu. Lakini hilo hakuna aliyetaka kulisikia.

Tulihamia huko miaka ya tisini, yeye akiwa mwalimu wa ujenzi chuoni. Nyumba ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya matofali ya simiti, na mabati yake yamekaa karibu na utosi. Lo! Ikifika saa saba mchana, siagi imekuwa mafuta, na maji ya bomba unaweza kutilia majani ukanywa chai. Feni zilikuwapo, sikatai, ila zilitegemea jenereta, na jenereta lile lilipenda usingizi kuliko mlinzi wake. Siku moja nikamwambia mume wangu, "Wewe si fundi? Nijengee mahali pa kupumua, au nirudishe kwetu."

Kumbe nimechokoza mzinga. Wakati huo chuo kilikuwa kinataka kujenga bweni la wasichana, na bodi ilikuwa na ramani tayari: simiti, mabati na feni, kama kawaida. Mume wangu alitaka bweni litakalojipoza lenyewe, bila jenereta, na bila kukata miti ya kuchomea matofali. Mkuu wa chuo akamwambia sawa, jenga kwanza nyumba moja ya kujaribia, iwe yenu, halafu bodi itaamua.

Bwana wee, hapo nikapoteza mume. Kila asubuhi alitoka nje akalowesha kidole mdomoni, akakiinua juu kuutafuta upepo, watu wanapita wanamtazama. Upande mrefu wa nyumba, alisema, utazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Matofali yawe ya udongo na simiti kidogo, yashindiliwe kwa mashine ya mkono, yakauke kivulini. Kuta ziwe nene. Madirisha ya chini yaingize upepo, matundu ya juu yatoe joto, na chini ya mabati itandazwe mikeka ya majani ya mkoma. Haya niliyasikia kwenye chai, nikayasikia kwenye chakula, na wallahi hata usingizini aliyasema, mpaka nikayahifadhi kama mtoto wa madrasa.

Nyumba ikaisha, tukahamia. Nilimtafutia kasoro sana, maana ndiyo kazi yangu, lakini nyumba ilikuwa baridi, Mungu shahidi. Nilipata mlango wa jikoni tu, uliokwama tangu siku ya kwanza. "Upepo umeuelewa," nilimwambia, "je, mlango?" Akajifanya hajasikia.

Mgeni wetu wa kwanza alikuwa jirani wa nyuma ya ua, mke wa mfanyabiashara wa mifugo, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Yeye ana Kiswahili cha sokoni, mimi nina Kisomali cha salamu, na tulielewana vizuri sana. Aliingia, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Kisha akakaa chini kwenye saruji, akanyoosha miguu na kupumua.

"Abaayo," akaniambia, ndiyo dada kwa lugha yao, "nyumba umejenga fizuri."

"Si mimi, ni mume wangu."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kwao, akanieleza, nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayesuka mikeka, anayepinda miti, anayeisimamisha na kuibomoa na kuipakia juu ya ngamia. "Mwanaume ataweza wabi? Akikuudhi, unabomoa nyumba yako unakwenda. Yeye anabaki na fimbo yake."

Kesho yake alirudi na wenziwe. Ikawa kila alasiri sebule yangu imejaa wanawake na birika haliondoki jikoni. Kila mmoja alinipongeza, na kila mmoja nikamwambia ni kazi ya mume wangu. Wakatazamana. Walidhani ninamsitiri mwanaume, na kwa hilo wakanisifu mara ya pili.

Nilimsimulia mume wangu wakati wa chakula, nikitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, na ile ndiyo kazi aliyoililia tangu alipoanza kushika penseli. "Waambie ukweli," akasema, akasukuma sahani. Nikamwambia nimewaambia mpaka ulimi umeota sugu. Akanuna siku nzima, na mimi nikamhurumia, ingawa kicheko kilinisumbua.

Siku ya bodi ikafika. Mwenyekiti alikuwa mume wa yule jirani yangu, mzee mpole mwenye ndevu za hina. Mume wangu alivaa tai, katika joto lile, akabeba michoro yake chini ya kwapa. Huku nyumbani nilikuwa nakanda unga wa chapati, akaja karani mbio: naitwa. Nikaenda hivyo hivyo, unga mpaka viwikoni.

Nikawakuta wazee wameizunguka meza, michoro imetandazwa, na mume wangu amesimama kando, tai imelowa jasho.

"Mama," mwenyekiti akaniambia, "mwalimu amesema vizuri. Lakini watakaolala humo ni mabinti zetu, na sisi udongo tunauogopa, mvua ikija utayeyuka. Nimesema tumuulize mwenye nyumba. Ni kweli ile nyumba umejenga wewe?"

Nikisema hapana, nyumba inakuwa ya mwanaume, na niliona usoni mwao nyumba ya mwanaume ina uzito gani. Bweni la feni lilikuwa pale pale mezani, linangoja sahihi. Nikisema ndiyo, nimemvua mume wangu nguo mbele za watu. Nikamtazama. Yeye alikuwa akiitazama michoro yake, anaipapasa ukingoni kwa kidole, na mimi nikaishiwa maneno, jambo ambalo yeye atakwambia halijatokea tena.

"Ni yeye aliyejenga," mume wangu akasema. "Mimi nilichora tu."

Basi nikasema. Nikawaeleza mvua za masika zilivyonikuta ndani na ukuta haukumeguka hata kidogo. Nikawaeleza kaskazini na kusini, madirisha ya chini, matundu ya juu, mkoma chini ya mabati, yote niliyolishwa kwenye chai na chakula. Kila sentensi mume wangu aliitikia kwa kichwa, maana zote zilikuwa zake. Mzee akauliza kama ningemlaza binti yangu humo. Nikamwambia ningemlaza, na ningemfuata. Wakacheka, sahihi ikatiwa kwenye mchoro wetu.

Bweni lilijengwa, na siku ya kulifungua wanawake waliniletea kibuyu cha maziwa ya ngamia. Mume wangu aliletewa kiti. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na nilimwambia hivyo njiani, waziwazi.

Siku ile ya bodi, lakini, tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Alivua tai akaitundika msumarini. Nikamuuliza, je, haikumuuma?

"Iliniuma," akasema. "Lakini mabinti watalala." Akausukuma mlango wa jikoni, ukakwama. Akageuka akanitazama. "Haya, fundi. Huu utautengeneza lini?"