Makaa Yaliyopikwa kwa Maji

Mwaka 2022, mvua za masika zikiwa zimekolea, nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika darasa la watu wazima karibu na Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai. Mwalimu wetu wa kemia alikiazimisha kikundi chetu cha akina mama mtungi mzito wa chuma, wenye kifuniko cha kukazwa kwa boliti. Tungeutumia hadi Oktoba, kisha tuamue kubaki nao au kuurudisha. Mimi ndiye niliyeuomba. Nilikuwa nimepuliza kuni mbichi peke yangu tangu tarehe 3 Mei 2009, siku niliyofiwa na mume wangu, na sikutaka urudi.

Tuliujaza matawi mabichi ya michai iliyopogolewa, pamoja na maji, tukakaza boliti na kuuweka motoni tangu asubuhi. Maji yakifungiwa hivyo hayana pa kutokea. Hupata moto kupita yale ya sufuria, yakaubana mti hadi ukageuka makaa. Mtungi ulipopoa jioni tulitoa kitu cha kahawia iliyokaribia weusi, chenye kuvunjika kwa vidole. Kilipokauka, kiliwaka vizuri kuliko kuni.

Hapo majivuno yakanizidi. Kikundi kilipokuja kwangu tarehe 11 Agosti, nilikuwa nimekisugua ndani kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa makaa hayo, badala ya makaa ya mti wa senetwet kama alivyonifundisha mama mkwe. Wifi yangu, mwenyekiti wetu, ndiye aliyeonja maziwa kwanza.

“Wifi, shule yako ina ladha ya lami!”

“Meza basi, uelimike,” nilimjibu; lakini nilipoonja, nami nilitema.

Walicheka hadi machozi. Kisha mmoja akasema mtungi urudi ulikotoka, na wengine wakaitikia.

Nilimwendea mwalimu. Alinieleza kwamba maji yale yaliufikisha mti nusu ya safari ya kuwa makaa: mafuta yake machungu yalikuwa bado ndani. Jikoni huungua, kwenye maziwa huachia uchungu. Nilirudi nikakiri mbele ya akina mama kwamba kosa lilikuwa langu, si la mtungi.

Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 2022, wifi alihesabu mikono iliyoinuliwa, na mtungi ukabaki. Niliandika kumbukumbu za kikao kwa mkono wangu: makaa ya maji ni ya jiko, kibuyu ni cha senetwet. Wifi alitaka niongeze neno “milele”. Nikaliongeza, akatia sahihi, kisha akatumiminia mursik, kutoka kibuyu chake mwenyewe.