Haki ya Kukataa

Juzi nilikaa benchi moja na mama mmoja kwenye zahanati ya huku bondeni, kabla hujafika Ifakara. Alikuja profesa wa falsafa kutoka chuo kikuu, anayechunguza kama wazazi waliridhia kweli watoto wao waingizwe kwenye utafiti wa dawa ya malaria unaofanyika hapo hapo zahanati.

"Mama, kabla sijakuuliza lolote nikusomee fomu hii. Una haki ya kukataa."

Profesa hajafungua hata ukurasa, mama keshabonyeza dole gumba kwenye pedi ya wino, kalinyoosha.

"Subiri, sijasoma."

"We nioneshe tu pa kuweka, baba. Hata wale wa dawa niliwawekea."

"Ungeweza kuwakatalia."

Mama akamfunika vizuri mtoto aliyekuwa mapajani. "Niwakatalie, halafu homa ikirudi nimpeleke wapi?"

Profesa alilipata jibu alilolifuata safari nzima, ila kwa kanuni zake mwenyewe hakuruhusiwa kuliandika, maana fomu ilikuwa haijasomwa. Akaanza kusoma kurasa zote tatu, mama akisikiliza kwa adabu, dole bado liko juu.

Wasomi tumeiandika haki ya kukataa kwa herufi nzito. Zahanati ya pili, ya kwenda aliyekataa, hatujaijenga.